Bega la Kushoto

Jumatatu, 2 Machi

Nina madaftari mawili. La kwanza nimepewa na daktari, lina jalada la kijani, na kila asubuhi naandika humo namba ya jinsi ninavyojisikia, moja hadi kumi, halafu saa nilizolala. Leo nimeandika sita, na saa nane za usingizi. Wifi yangu amelichungulia akaridhika. La pili ni hili, daftari langu la zamani la vipimo. Nusu yake imejaa viuno na vifua vya watu ambao sasa wamenenepa au wamekufa. Humu naandika lile ambalo daftari la kijani halina pa kuliweka. Nimeamka na hasira, na hasira haina namba.

Mvua zimeanza. Ni wiki ya tatu tangu nitoke hospitali.

Mimi na mume wangu tuna kiwanda cha sare za shule. Watu hukiita kiwanda cha Mkurugenzi, na Mkurugenzi, yaani mume wangu, hajawahi kuwasahihisha. Kilianza na cherehani moja chumbani kwetu, mimi nakata, yeye anazunguka mjini na sampuli kwenye begi. Sasa tuna mafundi mia na ishirini, na nyumba yenye sebule mbili, moja kati ya hizo haijawahi kukaliwa na mtu. Miaka ishirini na sita hakuna shati lililotoka pale bila kupita kwanza chini ya mkasi wangu. Mume wangu alikuwa ananiita Fundi, hata mbele ya wageni. Siku hizi ananiita "mke wangu", kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya rambirambi.

Mwaka jana mwezi wa kumi niliugua. Daktari anauita ugonjwa wa kupanda na kushuka. Nilipopanda nilikaa siku tisa bila kulala, nikafanya mambo kiwandani ambayo siyakumbuki na hakuna anayetaka kunisimulia. Wote wanasema tu "ile wiki", kisha wanaulizia chai. Halafu nikashuka, na kushuka nakukumbuka vizuri mno.

Jumanne, 3 Machi

Wifi, dada mkubwa wa mume wangu, amehamia hapa "kunisaidia". Vidonge analeta kwenye kisahani cha kikombe. "Meza, wifi. Haya, fungua mdomo. Inua ulimi." Nina miaka hamsini na mbili. Nimeinua ulimi.

Alhamisi, 5 Machi

Leo furaha. Mume wangu amekuja na furushi la kitambaa cheupe cha pamba na karatasi zangu za kukatia. Amesema msimu umebana, oda ya mwisho wa mwezi wa tano ni kubwa kuliko zote, na Rula peke yake hawezi kumaliza kola. Rula ni mkataji aliyeajiriwa nilipokuwa hospitali. Mafundi wamempa jina hilo kwa sababu hachori hata mstari wa urefu wa kidole bila rula. Nimemwona mara moja tu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, utepe wa kupimia ameuzungusha mkononi badala ya bangili.

Nimeifanya meza ya chakula kuwa meza ya kukatia. Kola mia mbili kabla ya saa kumi. Kila kipande nimekitia alama yangu ukingoni, mikato midogo mitatu, ili fundi wa cherehani ajue pa kuanzia na ajue kimetoka kwa nani. Mikono haijasahau kitu. Nimeandika nane kwenye daftari la kijani, na mara hii sikudanganya.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Kola mia mbili.

Jumamosi, 14 Machi

Mume wangu ameingia na koti jipya la kijivu.

Lazima nieleze, maana humu ndimo mahali pekee ninapoweza kueleza bila kukatizwa. Bega lake la kushoto liko chini ya la kulia kwa upana wa vidole viwili. Alivunjika akiwa mdogo na mfupa ukajiunga vibaya. Koti lolote la dukani likimkaa linavuta mkunjo wa mshazari mgongoni, kuanzia kwenye kola hadi kwapani. Mimi nimelificha bega hilo tangu mwaka wa harusi. Naweka sponji nyembamba upande wa kushoto, nauinua mshono wa bega, naishusha kola kidogo upande wa kulia. Watu wanasema Mkurugenzi anajua kusimama. Hajui kusimama. Ana mke.

Koti la kijivu halina mkunjo.

Nimemzunguka mara mbili kwa kisingizio cha kumtoa uzi mgongoni. Sponji ipo na mshono umeinuliwa. Hata kola imeshushwa upande uleule. Nimemuuliza, "Nani amekukatia?"

"La dukani hili," amesema. "Limenikaa vizuri, siyo?"

Limekukaa vizuri sana, bwana. Kuna mtu amekuvua shati, akakusimamisha wima, akapitisha utepe pale ambapo mkono wangu peke yake ulikuwa unapita.

Jumapili, 15 Machi

Nimesema mezani, taratibu, baada ya kupanga maneno tangu asubuhi. Nimesema: "Lile koti halikutoka dukani. Limekatwa na mtu aliyekupima. Nadhani ni Rula, na nadhani kuna kitu kati yenu."

Mume wangu amemtazama dada yake, dada yake akamtazama yeye. Kisha wakauliza kwa pamoja, kama watu waliofanya mazoezi: "Umemeza dawa?"

Nikicheka ni dawa, nikinyamaza ni dawa. Hata supu ikizidi chumvi, mtu anakwenda kuhesabu vidonge. Nimeuma ulimi nikala wali wangu. Kwenye daftari la kijani nimeandika sita.

Jumatano, 18 Machi

Kwa daktari. Ni kijana, anavaa soksi za rangi, ana adabu, simchukii. Mume wangu amemweleza habari ya koti kwa huruma nyingi, akijifuta paji la uso. "Anaona mambo kwenye nguo, daktari. Anasoma habari kwenye mishono."

Daktari akamuuliza moja kwa moja: "Samahani, lazima niulize. Je, kuna msingi wowote katika anayosema mama?"

Mume wangu akatazama viatu vyake. "Hakuna, daktari. Hakuna kabisa."

Daktari akaandika. Dozi imepanda mara moja na nusu. Njiani kurudi mume wangu ameninunulia maua.

Jumatano, 25 Machi

Mikono inatetemeka. Imeanza kwa kidole cha kati, sasa ni mikono yote miwili. Leo nimeshindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nimemwomba Wifi anitungie, akatunga mara ya kwanza tu bila hata miwani, na nimemchukia kwa hilo siku nzima.

Jumamosi, 28 Machi

Nimekata kola themanini na zote ni mbaya. Mkasi unapanda na kushuka, kingo zina meno. Zamani fundi akiniletea kazi ya namna hii ningemwambia akalale. Mume wangu amezibeba. Nikamwambia, "Waambie wazirekebishe kabla ya kushona." Akasema, "Ziko safi, mke wangu. Kiwanda kizima kinazisifia."

Kiwanda kizima. Nimewafundisha mimi wale watu. Kuna mafundi pale wanaoweza kuiona milimita mbili kutoka mlangoni.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimemjaribu. Nimekata kola arobaini kwa mtu mwenye shingo ya inchi thelathini. Hakuna mwanafunzi wa namna hiyo duniani, labda ng'ombe akiandikishwa darasa la kwanza. Nimezifunga kwa utepe nikampa.

Ijumaa, 3 Aprili

"Mafundi wamezifurahia," amesema.

Amenivisha kilemba cha ukoka mwezi mzima, na mimi nimekivaa kichwa juu.

Jumanne, 7 Aprili

Nimeacha kumeza. Nina ufundi wa miaka thelathini wa kuficha vitu ndani ya nguo, Wifi ana macho mawili tu. Kidonge kinakaa kati ya fizi na shavu, ulimi unainuliwa, na Wifi anaridhika. Kisha kinaingia kwenye upindo wa pazia la sebule ya pili, ambako nimefumua mshono inchi moja. Pazia lile lina mita ishirini na nne, linatosha dawa za mji mzima.

Alhamisi, 9 Aprili

Mikono imetulia! Nimepiga pasi mashuka yote ya nyumba, na vitambaa vya meza, na leso za mume wangu, na mapazia ya jikoni, kisha nikaona mapazia ya jikoni yangependeza zaidi yakiwa na bitana, na viti vingependeza vikiwa na nguo, na kiwanda kinaweza kushona nguo za viti, kwa nini hatujawahi kufikiria hilo, viti vyote vya mji huu viko uchi

Jumamosi, 11 Aprili

Nimesoma niliyoandika juzi. Maandishi yenyewe yamelala upande mmoja, kama yanakimbia.

Nimelala saa mbili kwa siku mbili. Leo asubuhi nimejikuta nimesimama kwenye kiti jikoni, nacheka peke yangu, mkasi mkononi, na nilipoona mkasi nikaogopa. Nimeshuka. Nimekwenda sebule ya pili nikaufumua upindo. Sikuvimeza vidonge vyote, mimi si mjinga, nimempigia daktari nikamweleza kila kitu. Amenielekeza nianze upya leo na kidonge kimoja, na nisikae peke yangu mpaka nilale usingizi wa kutosha. Nilipomwambia mikono inatetemeka, amesema kwa upole kwamba dozi hawezi kuipunguza kwa neno langu peke yake wiki hii. Anataka amsikie tena mtu ninayeishi naye. Simlaumu. Mtu ninayeishi naye ameshasema hakuna msingi.

Basi niandike hivi, nipate kuyasoma siku nyingine: ugonjwa ni wa kweli. Sijasingiziwa. Na koti nalo ni la kweli. Hawa watu wanataka nichague kimoja, ama mimi mgonjwa au wao waongo, na mimi nasema viwili hivi vinakaa katika nyumba moja, tena nyumba kubwa.

Nimemeza mbele ya Wifi bila kuambiwa. Nimefungua mdomo mwenyewe nikainua ulimi. Amenitazama kwa muda mrefu, akaweka kisahani chini.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimelala vizuri siku nne mfululizo. Mikono inatetemeka. Mvua haijakatika tangu Jumapili.

Jumanne, 21 Aprili

Leo nitaandika sana.

Wifi alipoingia kuoga nilichukua mwavuli nikatoka. Mlinzi wa getini alinipigia saluti akauliza kama namwita dereva, nikasema nanyoosha miguu. Nilinyoosha miguu hadi barabarani nikapanda teksi, na saa nne kamili nilikuwa kiwandani.

Nilipitia mlango wa nyuma, ule wa karakana. Girisi, fundi wetu wa mitambo, mzee aliyetengeneza hata ile cherehani ya kwanza, alikuwa chini ya mashine ya kupigia vifungo. Miguu tu ilikuwa nje. Mkono wake ukatoka, ukachukua kitambaa cheupe sakafuni, ukafutia mafuta. Nikaona ukingoni mikato mitatu.

"Girisi," nikasema, "hicho kitambaa umekitoa wapi?"

Akajivuta nje, akasimama haraka. "Shikamoo, mama. Karibu, mama. Hiki? Cha gunia la matambara. Tunaletewa kila Ijumaa." Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema na hakujua anasema nini, akaongeza: "Pamba safi sana hii. Inakunywa mafuta vizuri."

Gunia lilikuwa nyuma ya mlango. Nililifungua mwenyewe. Zote zilikuwamo. Kola za tarehe tano Machi zilizonipa furaha, zimekunjwa vilevile nilivyozikunja. Na za ng'ombe zilikuwamo, bado zimefungwa kwa utepe.

Nilidhani nitalia. Sikulia. Mori ulinipanda, nikalibeba gunia kifuani, nikatembea katikati ya ukumbi wa cherehani. Mashine zikawa zinazimwa mstari kwa mstari ninapopita. Watu wakasimama. Hakuna aliyesema shikamoo.

Mlango wa chumba cha kukatia ulikuwa wazi. Rula alikuwa kwenye meza yangu. Mume wangu alikuwa ameegemea meza hiyohiyo kwa kiwiko, mikono ya shati imekunjwa, kikombe cha chai mkononi, anacheka. Hawakugusana. Walikuwa na meza nzima kati yao. Lakini kile kicheko nilikijua, ni cha yule mzunguka na sampuli wa miaka ile, na mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba anacho.

Nikalimwaga gunia mezani. Kola zikaenda mpaka zikaangukia viatu vyake.

Kisha likatokea jambo dogo. Msichana mmoja wa kupanga vipande, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kushika chaki, akanyoosha mkono taratibu akausogeza mkasi mbali nami. Akauficha nyuma yake. Hilo liliniuma kuliko gunia.

"Mke wangu," mume wangu akaanza, "ume—"

"Malizia," nikasema. "Uliza. Wote wanasikiliza."

Akakiweka kikombe mezani.

Nikamgeukia Rula. "Ni wewe uliyempima bega."

Uso wake ulikuwa umepauka, lakini hakutazama chini. "Sikumpima, mama."

"Usinidanganye. Koti lile haliwezi kukatwa bila kumpima. Hakuna anayelijua bega lile isipokuwa mimi."

"Mama," akasema, "twende stoo. Tafadhali."

Mume wangu akasema, "Hapana, usimpeleke." Rula akachukua funguo.

Mwisho kabisa wa stoo, nyuma ya majora, kulikuwa na reli mbili ndefu za kutundikia nguo, zilizofunikwa kwa plastiki. Akaivuta plastiki. Makoti. Ya bluu, ya kijani, ya rangi ya damu ya mzee, vitambaa vyote vya sare vya mwaka jana. Mengine yameshonwa, mengine yameshikizwa tu kwa bandi. Yote ya kipimo kimoja. Nikalishika la kwanza, nikapitisha kidole kwenye bega la kushoto. La pili. La kumi. Mikato mitatu ilikuwa kwenye kila bitana.

"Ni mia mbili na kumi na mawili," Rula akasema. "Uliyakata ile wiki. Nilipoajiriwa, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuyafumua ili kitambaa kisipotee. Nikafumua moja, nikashindwa kuendelea. Nimesoma ukataji miaka mitatu, mama, na sijaona kosa hata kwenye moja. Bega la Mkurugenzi nimejifunza kwako. Kila mtu hapa analijua."

Niliketi juu ya jora. Ushahidi wangu wote, hasira yangu ya wiki tano, mshono ambao nilidhani ni siri yangu na yake, nilikuwa nimeutundika mwenyewe mara mia mbili na kumi na mbili.

"Lakini koti la kijivu umelikata wewe," nikasema baadaye.

"Nimelikata mimi. Aliniomba, na ningeweza kukataa."

"Kuna nini kati yenu?"

Akauzungusha ule utepe mkononi. "Anakuja kila siku saa nne na chai yake. Anakaa mpaka saa tano na nusu, ananisimulia. Hajanigusa. Lakini mimi si mtoto, mama, najua mwanamume anayekuja na kikombe chake anatafuta nini. Na sikumwambia aondoke. Hapo ndipo kosa langu lilipo, sina jingine la kukuficha."

"Na kola zangu?"

"Hizo alikataa kabisa tuzione. Alisema ni za kukutuliza."

Ni maneno machache mno aliyosema yule mwanamke, na yote yalinyooka. Nilitaka kumchukia nikakosa pa kushikia.

Jumatano, 22 Aprili

Jana jioni, jua likiwa bado lipo, mimi na mume wangu tulikaa sebule ya pili kwa mara ya kwanza tangu nyumba ijengwe. Viti ni vigumu. Aliongea yeye.

"Ile wiki uliniita kila baada ya dakika tano nije nipime koti. Siku tisa, Fundi. Ulikuwa unacheka, mkasi mkononi, unasema hili halijakaa sawa, vua, vaa. Siku ya saba nilijifungia ofisini. Mke wangu anagonga mlango ananiita, na mimi nimekaa chini ya dirisha nimeziba masikio." Alikuwa analia. "Nimekuogopa. Na aibu ya kukuogopa ni mbaya kuliko hofu yenyewe. Rula haniogopeshi. Nikikaa pale nakuwa mtu wa kawaida. Ndiyo, nampenda kidogo. Sijui ni kiasi gani."

Nilimsikiliza. Hata nilimwonea huruma, naandika hapa ili isije ikasemwa sikumwonea. Kisha nikamuuliza.

"Na kwa daktari? Alikuuliza kama kuna msingi."

Akajifuta uso.

"Ulijua kuna msingi. Ulijua ni kweli, ukasema hakuna. Wakaniongezea dawa kwa sababu nilisema kweli. Tazama mikono yangu."

Niliinyoosha mbele yake. Ilitetemeka vizuri sana, kana kwamba nimeiagiza.

"Niliona ni rahisi hivyo," akasema.

"Rahisi kwa nani?"

Mapenzi yake ya chai ningeweza kuyatafuna nikayameza, machungu lakini yanamezeka. Hili halimezeki. Ameona ukweli mdomoni mwangu akauita ugonjwa, mbele ya mtu mwenye kalamu. Nilimwambia sitaki maua, sitaki radhi ya sebuleni. Ninachotaka ni kimoja. Tarehe ishirini na tisa Mei tuna miadi. Aseme kule kule alikodanganyia, kwa mdomo wake.

Akasema atafikiria.

Ijumaa, 1 Mei

Anafikiria.

Jumatano, 6 Mei

Rula ameniletea kola kumi nyumbani, za kweli, zilizoshonwa, nizikague. Hakuingia ndani. Mbili zilikuwa na kosa, nimezirudisha na maelezo. Ameniambia pia kwamba siku hizi chumba cha kukatia kina kitasa, na saa nne anakifunga kwa ndani, mwenye chai asiingie.

Jumanne, 12 Mei

Mvua. Wifi ameleta vidonge. Hakuniambia nifungue mdomo.

Jumapili, 17 Mei

Wifi alikuwa anachambua mchele nami nimekaa, maana mikono yangu haichambui. Akasema bila kuinua uso: "Bega lile nilimvunja mimi. Nilikuwa na miaka tisa, nimembeba mgongoni, nikateleza kwenye ngazi. Mama alipouliza nikasema alianguka mwenyewe. Mpaka leo ndiyo hadithi."

Akaendelea kuchambua.

"Lile koti la kijivu nililiona siku ileile. Nikajua siyo la dukani. Halafu nikakuuliza kama umemeza dawa." Akatoa jiwe moja kwenye mchele akaliweka pembeni. "Nisamehe, wifi."

Miezi mitatu nimemwona huyu mwanamke kama kufuli. Sikumjibu kwamba nimemsamehe, kwa sababu sijui. Nilimwambia ile sinia aisogeze kwangu, nikajaribu kuchambua. Nilimwaga kiasi. Akaokota punje moja moja.

Jumatatu, 25 Mei

Mume wangu ameniuliza kama haitoshi aandike barua kwa daktari. Nimemwambia haitoshi.

Ijumaa, 29 Mei

Tulikwenda watatu. Daktari leo alikuwa na soksi za njano. Akauliza kuna mabadiliko gani, na kabla sijajibu akamgeukia mume wangu, kama desturi yao.

Mume wangu akasafisha koo. Akasema kwa ujumla naendelea vizuri. Akasema msimu ulikuwa mgumu kwa kila mtu. Akasema mvua nazo. Nikaona anapita pembeni, anazunguka na sampuli zake, na moyo wangu ukaanza kufunga mlango.

Wifi alikuwa ameketi nyuma yetu, mkoba mapajani. Akasema, "Sema."

Neno hilo moja tu. Nadhani aliwahi kumwambia hivyo utotoni.

Mume wangu akavishika viti viwili, chake na changu. "Daktari, ile mara ya Machi uliniuliza kama kuna msingi. Nikasema hakuna. Msingi ulikuwepo. Koti lilikatwa na yule mwanamke, na mimi nilikuwa naye kwa moyo, kama siyo kwa mwili. Mke wangu aliona sawasawa. Nilimwacha aongezewe dawa kwa sababu ilinifaa mimi."

Daktari akaiweka kalamu chini, kisha akaichukua tena. Hakumhutubia. Aligeuza kiti chake akanitazama mimi, mara ya kwanza tangu tuanze kwenda pale, akasema: "Mama, naomba radhi. Nilipaswa kukuuliza wewe zaidi." Dozi inarudi ilipokuwa, kwa hatua, na nimwone kila wiki. Dawa zenyewe zitaendelea. Nikasema najua zitaendelea, mimi sijakataa kuumwa.

Akaomba daftari la kijani. Badala yake nilimpa kalamu na kumwomba achore mstari mwingine, chini ya ule wa usingizi, mahali pa kuandika hasira. Akachora kwa mkono mtupu, ukaenda mshazari. Nikaandika tisa.

Jumatano, 10 Juni

Mvua zimekatika. Oda ilitoka mwisho wa Mei, siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Leo asubuhi nimetunga uzi kwenye sindano, mara ya tatu umeingia.

Jumatatu narudi kwenye meza yangu. Rula atabaki, ni mkataji mzuri, na meza ni ndefu, atakaa ncha ile nami ncha hii. Mume wangu amehamishia nguo zake chumba cha wageni, kwa ombi langu. Ameuliza ni kwa muda gani. Nimemwambia kitambaa kibichi sikikati, kinasinyaa baadaye. Asubiri kikauke.

Kabla hajatoka kwenda kazini nimemwambia avue lile koti la kijivu. Alidhani nataka kulichana, akalitoa polepole. Nimeketi nalo karibu na dirisha. Nimeufumua mshono wa bega la kushoto, nikaitoa sponji, nikaushusha mshono mahali ambapo Mungu na dada yake waliuweka, nikashona upya kwa mkono. Imechukua nusu saa. Mishono haijanyooka yote, lakini itashika. Kisha nikamvalisha mwenyewe, nikamgeuza. Mkunjo umerudi mgongoni, kutoka kwenye kola hadi kwapani.

Amejitazama kwenye kioo. "Nitaonekana, Fundi," amesema.

"Ndiyo," nimemwambia. "Bega ni lako, libebe mwenyewe."

Amechukua funguo zake akatoka. Nimemwangalia dirishani mpaka getini, ameinama upande mmoja, na mlinzi amempigia saluti kama siku zote.